Wavu wa kuopolea samaki kwenye boti ndogo: nichague upi, niuweke wapi?

Swali: "Shikamoo mzee. Niko Tanga, nina boti ya faiba ya mita 5, iko wazi, haina chumba, inatumia injini ya nje. Mwisho wa wiki natoka na mdogo wangu, tunavua kwa rodi na kwa mshipi wa mkono. Tunapata changu, chewa, kolekole, na bahati ikiwepo nguru. Tumeshapoteza kolekole wawili wakubwa ubavuni mwa boti, samaki tayari tunamwona. Wavu niliokuwa nao mpini ulipinda, na mfuko umeanza kukatika wenyewe kama karatasi ingawa hauna hata miaka miwili. Nataka kununua mwingine. Ni upi unaofaa, na kwenye boti ndogo kama hii niuweke wapi usiharibike?"

Jibu:

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza maswali mawili, lakini kwangu mimi ni swali moja. Wavu wa kuopolea huchaguliwa kufuatana na mahali utakapokaa ndani ya boti. Mtu akinunua wavu mkubwa, mzuri, ambao hauna pa kukaa, ataukunja, ataufunga kamba, ataulaza chini ya nanga na madumu ya petroli. Siku kolekole anajitokeza ubavuni, wavu utakuwa bado unatafutwa. Samaki wengi wanaopotea karibu na boti hupotea katika zile sekunde ambazo mmoja wenu ameinama anafungua kamba, na mwenzake amebaki na samaki anayezidi kupata nguvu. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, ingia kwenye boti yako na futi kamba.

Pima vitu viwili. Boti ikiwa inaelea na mzigo wenu wa kawaida umo ndani, pima kutoka ukingo wa boti hadi kwenye maji, pale pale mnapopandishia samaki. Halafu pima ubavu kwa ndani, chini ya ukingo, uone ni sehemu gani iliyonyooka na haina kitu, kutoka benchi hadi benchi au kutoka benchi hadi tezi, yaani nyuma ya boti. Kipimo cha kwanza kitakuambia mpini uwe mrefu kiasi gani. Cha pili kitakuambia wavu mzima, ringi na mpini wake, usizidi wapi. Ukienda dukani bila vipimo hivi, utachagua kwa macho, na dukani kila wavu unaonekana unafaa.

Tuchukulie ukingo wako uko sentimita 50 juu ya maji. Ukipiga magoti, unataka ringi yote izame angalau sentimita 30, na mikono yako miwili iwe bado imeshika mpini vizuri. Mpini wa sentimita 120 unatosha hapo. Nisingevuka 150. Najua vijana wanapenda mpini mrefu wakiamini utamfikia samaki aliye mbali, lakini samaki aliye mbali hajawa wa kuopolewa bado, huyo ni wa kuchoshwa kwa rodi.

Urefu wa mpini una gharama yake, na hapo ndipo wavu wako wa kwanza ulipopinda. Fanya hesabu hii. Samaki wa kilo 6 yumo ndani ya mfuko. Mkono wako wa mbele uko mita 1 kutoka katikati ya ringi, na mkono wa nyuma uko nusu mita nyuma yake. Ukimwinua huku mpini umelala, mkono wa mbele unabeba kilo 18, na ule wa nyuma unakandamiza chini kwa kilo 12. Nguvu yote hiyo inakutana kwenye bomba pale ulipoweka mkono wa mbele, na bomba jembamba la aluminiamu linasalimu amri hapo hapo. Kuangalie kule kupinda kwa wavu wako wa zamani. Nadhani ni karibu na pale mkono unaposhika. Basi samaki akishaingia, usimwinue kama mtu anayechota mchanga kwa koleo. Vuta wavu mpaka ringi iguse ubavu wa boti, simamisha mpini wima, mkono mmoja ushike ringi yenyewe, ndipo umpandishe. Mpini uliosimama wima haupindwi na uzito wa samaki. Ukizoea hivyo, hata mpini wa kawaida utakaa miaka.

Kuna mipini ya kuchomoa, inayorefuka na kufupika. Inaokoa nafasi, nami siipingi, ila chumvi na mchanga huingia kwenye kile kitufe cha kufungia na siku moja kinagoma. Kama wavu mzima wa kipande kimoja unaenea chini ya ukingo wako, nunua huo. Kama hauenei, chukua wa kuchomoa wenye kiungo kimoja tu, si viwili, na kila mkirudi uchomoe mpini wote uusuuze ndani kwa maji ya bomba. Usiupake grisi, maana grisi hukamata mchanga.

Sasa ringi. Changu wa kilo moja au mbili ataingia kwenye wavu wowote, kwa hiyo usipime kwa changu. Pima kwa samaki mkubwa unayempata mara kwa mara, siyo yule unayemwota. Kwako naona ni chewa na kolekole wa sentimita 60 hadi 80. Ringi yenye upana wa sentimita 60 inawatosha, kwa sababu samaki akiingia kichwa mbele mwili hukunjika mfukoni, hakai amenyooka kama fimbo. Kinachotakiwa ni mfuko wenye kina, sentimita 60 hadi 70, ili akishaingia uweze kugeuza ringi kidogo na mdomo wa mfuko ujifunge kwa uzito wake. Mfuko mfupi ndio unaomrudisha samaki baharini. Anapiga mkia mara moja na yuko nje. Ringi ya sentimita 80 au 90 ni ya boti kubwa. Kwenye mita 5 itanasa kila kitu, itashika upepo, na majini itakuwa nzito kusogeza.

Kagua pale ringi inapoungana na mpini kuliko unavyokagua kitu kingine chochote. Hapo nyavu nyingi za bei nafuu zina kipande cha plastiki, na plastiki hiyo ndiyo inayovunjika samaki akiwa ndani. Shika mpini, bana ringi kwa goti, sukuma. Ukisikia inacheza, irudishe. Angalia pia skrubu na ribiti. Stenlesi ikigusana na aluminiamu kwenye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe umezunguka kichwa cha skrubu, kisha tundu linapanuka, kisha ringi inayumba. Haimaanishi usinunue wavu wa aluminiamu, kwa sababu ni mwepesi na boti ndogo inahitaji wepesi. Inamaanisha sehemu hiyo ndiyo ya kusuuza kwanza kila siku mkirudi.

Mfuko ndio wenye mambo mengi. Kuna nailoni ya mafundo, ile ile tunayoijua kwenye nyavu zetu za kawaida. Kuna nailoni isiyo na mafundo, kuna nailoni iliyopakwa mpira, na kuna mpira mtupu. Ya mafundo ni rahisi na haichakai upesi kwa kusuguliwa, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndoana. Kama mnatumia samaki wa plastiki wenye ndoana za miguu mitatu, kuna ndoana moja iliyo mdomoni mwa samaki na nyingine zinazotafuta pa kushika. Zikishika uzi wa wavu kwa nje kabla samaki hajaingia, ananing'inia hapo huku anapiga mkia, na uzito wake wote unasaidia kuing'oa ile iliyo mdomoni. Sitashangaa kama kolekole wako mmoja aliondoka hivyo. Na hata akiingia salama, mtatumia muda mrefu mkichambua ndoana kwenye nyuzi huku samaki anatapatapa karibu na vidole vyenu. Mpira hauna nyuzi za kushikwa, ndoana inachomoka kwa plaisi.

Kasoro ya pili inamhusu samaki mnayemrudisha. Ule utelezi ulio juu ya samaki ni ngao yake dhidi ya maradhi, na mafundo yanaukwangua pamoja na magamba na ncha za mapezi. Mwaka 2003 kulichapishwa utafiti uliofanywa kwa samaki wa maji baridi aitwaye bluegill, wakilinganisha nyavu za aina nne na samaki waliotolewa bila wavu, kisha wakawaangalia kwa wiki nzima. Waliotolewa bila wavu hakufa hata mmoja. Waliopitia nyavuni walikufa kati ya asilimia 4 na 14, na nyavu za mafundo ziliumiza zaidi kuliko za mpira na zile zisizo na mafundo. Bluegill si chewa, lakini ngozi ni ngozi. Nami nakuomba sana umrudishe chewa mdogo. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa, kwa hiyo mwamba unaochukuliwa wadogo wake unapungukiwa mama leo na baba kesho. Ukimrudisha, mrudishe akiwa mzima. Lowesha mfuko kabla ya kumpokea, na usimwache akigaragara kwenye sakafu ya faiba iliyochomwa na jua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni nailoni isiyo na mafundo iliyopakwa mpira, macho yake yawe ya wastani, sentimita 2 hadi 3. Macho madogo sana yanazuia maji, na wavu unakuwa mzito kuuvuta kwenye mkondo. Makubwa sana yanapitisha mapezi na vifuniko vya mashavu, na chewa mwenye miiba mgongoni akishanasa humo utamtoa kwa kisu. Mpira mtupu ni mzuri kwa samaki, ila ni mzito na nafasi yako ni ndogo. Na kama mnavua kwa ndoana moja moja na kila mnachopata kinakwenda jikoni, basi usijibane mfukoni: fundi wa kuchomelea atakupindia ringi ya stenlesi, na watu wanaoshona nyavu hapo hapo Tanga watakushonea mfuko wa nailoni wenye nguvu kuliko mingi ya dukani. Rangi ya mfuko isikusumbue.

Umenieleza kolekole walipotea, hukunieleza nani alikuwa na wavu. Nadhani ni mdogo wako, na nadhani alikuwa anamfukuza samaki nao. Karibu kila anayeanza hufanya hivyo. Kule Kigoma kuna lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini, ambao wavuvi wa ziwani walikuwa wakichotea dagaa usiku kwenye mwanga. Lusenga inakwenda kwa samaki kwa sababu dagaa wamejaa na mwanga umewaduwaza. Wavu wako kazi yake ni kinyume: unakaa, samaki anakuja. Mwambie mdogo wako auzamishe mapema, autulize, asiutikise. Ashike ncha ya mfuko pamoja na mpini ili mkondo usiugeuze nje ndani. Mwenye rodi ndiye anayemleta samaki juu ya ringi, kichwa mbele, tena akiwa amechoka na amelala ubavu. Samaki akiingizwa mkia kwanza, mguso wa kwanza unamfanya akimbie mbele, na mbele yake ni bahari. Kichwa kikishapita ukingo wa ringi, mwenye wavu anainua kidogo na mwenye rodi analegeza mshipi kidogo tu, samaki azame mfukoni. Piganeni naye upande wa joshi, ule unaopuliziwa na upepo. Boti inasukumwa mbali na mshipi. Mkiwa upande wa demani, boti inampanda samaki na mshipi unasugua chini ya faiba. Injini iwe huru, au izimwe kabisa, na wavu usipelekwe karibu na propela.

Tuje kwenye mahali pa kuuweka. Wavu ukae chini ya ukingo upande ambao hampandishii samaki, ringi ikielekea omo, yaani mbele ya boti, mpini ukielekea kwa mtu wa wavu, ili akinyoosha mkono ashike mpini na siyo nyuzi. Fungia faiba vibanio viwili vya plastiki, au ukate vipande vya tyubu ya baiskeli vitakavyoubana. Mfuko uuzungushe kwenye ringi, kisha uubane kwa mpira mmoja wa tyubu wenye kitanzi cha kuvuta kwa kidole, usifungwe fundo hata siku moja. Fundo lililolowa chumvi halifunguki kwa mikono yenye utelezi wa samaki. Mfuko ulioachwa huru wakati boti inakimbia hujaa upepo na kuuvuta wavu wote nje. Na ukibaki ndani, utakuta umeshikana na ndoana, na kamba ya nanga, na kila kilicholala sakafuni. Mkifika mnapovulia, kabla hamjatupa mshipi wa kwanza, utoeni mpira na mfuko uwe tayari. Liwe jambo la kwanza baada ya nanga.

Mwishoni mwa mpini funga kipande cha kamba chenye boya dogo. Mipini mingi ya aluminiamu ina tundu au kifuniko kisichoziba, maji yanaingia na wavu unazama wima, polepole, mbele ya macho yenu. Wala usiuweke karibu na tangi. Petroli na oili hulainisha mpira uliopakwa, unaanza kunata, halafu unamenyuka, na nailoni iliyo chini inabaki wazi.

Ule mfuko wako uliokatika wenyewe uliuawa na jua. Samaki hawakuhusika. Miale ya urujuanimno huvunja nailoni kidogo kidogo kuanzia nje, na kwetu jua halina msimu wa kupumzika. Jaribu kukwaruza uzi wa mfuko huo wa zamani kwa ukucha: utatoka unga laini, na rangi ya ndani itakuwa tofauti na ya nje. Uzi wa namna hiyo, hata ukiwa mnene, usimwamini. Kwa wavu mpya, kila mkirudi usuuze wote kwa maji ya bomba, anza na kiungo cha ringi, kisha mpini ndani na nje, mwisho mfuko. Magamba na ute vioshwe vitoke kwa maji na sabuni kidogo ya kawaida, usitumie jiki. Uutundike kivulini penye upepo kwa ringi yake, mfuko ukining'inia wazi mpaka ukauke. Kivuli cha paa la mabati kinafaa ikiwa wavu uko mbali na bati lenyewe. Ukikauka, uingie ndani. Kuuacha botini chini ya turubai kwa wiki nzima si kuuhifadhi, kwa sababu chini ya turubai kuna joto na unyevu, na mpira haupendi vyote viwili.

Ndani, uutundike ukutani juu, usiulaze sakafuni wala kuuegemeza kwenye pembe na vitu juu yake. Ringi ikikaa imebanwa miezi ya kusi nzima wakati hamtoki, itabaki imepinda. Na panya wanajua harufu ya samaki kuliko sisi. Wanatafuna mfuko ambao haukuoshwa vizuri, na wanaanzia chini ambako hutaona mpaka siku samaki anapitia hapo. Kabla ya kila msimu uvute mfuko kwa mikono miwili, sehemu kwa sehemu, hasa pale unapopita kwenye ringi, kwa maana ndipo unaposuguana na ukingo wa boti. Jicho moja lililokatika lishonwe siku hiyo hiyo. Yakikatika mengi sehemu tofauti, badilisha mfuko na ubaki na ringi yako. Kabla ya kununua, uliza dukani kama mfuko wa akiba unapatikana.

Limebaki la nguru. Huyo usimhesabu katika kuchagua wavu. Ni mrefu, na meno yake yanakata nyuzi za mfuko. Mzia ni hivyo hivyo. Kwa hao kuwa na ngoe ya chuma yenye mpini mfupi, mnapokuwa mmeamua kwamba samaki anakwenda nyumbani. Aichome mtu mmoja tu, kwa mvuto mmoja, nyuma ya kichwa, na mshipi ukiwa upande wa pili wa ngoe ili usikatwe. Papa na taa msiwapandishe kwa chochote kwenye boti ya mita 5. Kateni mshipi karibu na mdomo. Ngoe ikae upande wa pili wa boti, mbali na wavu, ncha yake ikiwa imevikwa kipande cha mpira wa bomba la maji, na ivuliwe kipande hicho pale tu nguru anapokuwa tayari ubavuni.